Jina la Dada Lililobaki Kitabuni

Wapendwa waombolezaji, mchungaji, jamaa na marafiki. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na ni katibu wa baraza la wazee wa kanisa hili kwa mwaka wa arobaini na tatu sasa. Kamati ya mazishi imenipa robo saa ya kusoma wasifu wa Dada, na imeniomba nisilie wala nisichekeshe watu. La kwanza nitajitahidi.

Kabla sijafika kwenye kuzaliwa kwake, kuna jambo lazima mlijue. Kwa kanuni zetu, mshirika akifariki, katibu hufungua kitabu cha nidhamu na kuhakikisha kwamba marehemu hakuwa na adhabu. Aliyefariki akiwa chini ya nidhamu huzikwa na jamaa zake peke yao, bila mchungaji, bila kengele, bila kwaya. Juzi Alhamisi, saa nne asubuhi, nilikifungua kitabu kwa ajili ya Dada nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikuta jina lake. Liliandikwa tarehe 10 Aprili 1983 na halijafutwa hadi leo. Mwandiko ni wangu. Chai sikuimaliza.

Nitawaeleza jina hilo lilifikaje pale na nilifanya nini baada ya kuliona, lakini kila jambo lina zamu yake.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Machi 1946, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba alikuwa mwendesha mashine ya kusaga nafaka, na Mama alikuwa akifua nguo za watu. Tuliishi vyumba viwili nyuma ya mashine, na kila kitu kilichokuwamo kilikuwa na unga juu yake, Baba akiwemo. Mama alipenda kusimulia kwamba Dada, akiwa na miaka minne, alikutwa akimkung'uta Baba kwa ufagio naye amelala fofofo, ati anachafua shuka. Mimi nilipozaliwa mwaka 1951 alinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuzika chini. Alinishusha kwa sababu Mama alimlazimisha.

Alianza shule Januari 1954, akamaliza darasa la nane mwaka 1961. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Akiwa darasa la sita alichaguliwa kuwa kiranja, na kazi ya kiranja mnaijua: mwalimu akitoka, unaandika majina ya wanaopiga kelele. Siku ya kwanza mwalimu aliporudi, darasa zima likinuka hatia, alipewa karatasi yenye jina moja tu, la kiranja mwenyewe. Alichapwa viboko viwili. Siku ya pili karatasi ilikuwa na jina lilelile. Siku ya tatu akavuliwa ukiranja. Miaka michache baadaye nami nikawa kiranja katika shule ileile. Nilijaza karatasi pande zote mbili nikaomba nyingine. Kwa hiyo mnaweza kuona tangu mapema nani kati yetu angekuwa katibu.

Jumatatu tarehe 1 Februari 1965 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, na huko alikaa miaka thelathini na sita, mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2001 akiwa msimamizi. Ukiingia mle ulikutana na mvuke kwanza, halafu sauti yake, halafu yeye. Alijua shuka ni la wodi gani kwa kuligusa tu. Jina la Mama Foronya, ambalo wengi wenu ndilo mnalolijua, alilipata huko kazini. Hakuruhusu mto utoke bila foronya, hata siku ambazo foronya zilikuwa hazijakauka. Siku hizo alizipiga pasi moja moja mpaka zikauke, daktari mkuu akimsubiri mlangoni. Alikuwa akisema kwamba mgonjwa hawezi kuchagua chakula wala sindano, basi angalau shavu lake lilale mahali safi.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Septemba 1968, katika kanisa hilihili, na dereva wa gari la wagonjwa. Ndoa ilipangwa saa nne, na kanuni ya wakati huo ilikuwa kwamba ndoa ikipita saa sita mchana inaahirishwa. Saa nne ilifika, bwana harusi hakuonekana. Saa tano ikapita, shangazi zetu wakaanza kumlaani kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu. Saa sita kasoro dakika kumi gari la wagonjwa likaingia uwanjani kwa kasi, shemeji akashuka, shati limelowa damu. Alikuta mtu amegongwa barabarani akamwahisha hospitali. Dada hakumuuliza alikuwa wapi. Alisema, "Vua, nilifue." Akalifua kwenye bomba la nje, gauni jeupe limekunjwa mpaka magotini, akalikamua, akamvisha likiwa bichi. Mchungaji alitoa saa yake mfukoni, akaitazama, akairudisha. Walifunga ndoa saa sita na robo, maji yakidondoka kwenye zulia. Mungu aliwajalia watoto watatu. Shemeji alitutangulia mwaka 1996.

Sasa nafika kwenye benchi. Vijana hamkulikuta.

Lilikuwa benchi la watu sita, la mbao nzito, upande wa kushoto ukiingia mlango mkubwa. Mshirika aliyewekwa chini ya nidhamu alikaa hapo kwa muda aliopangiwa na baraza. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, siku ya Meza ya Bwana, watu wa benchi walitakiwa kuinuka kabla mkate haujabarikiwa, watoke nje, na mlango ufungwe nyuma yao. Kuufunga mlango ilikuwa kazi ya katibu. Niliifanya kwa uangalifu mkubwa, na ninasikitika kusema kwamba niliifurahia.

Dada ndiye aliyekuwa mtunzaji wa kitambaa cha Meza. Alikifua Ijumaa, akakipiga pasi Jumamosi, na Jumapili saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshafika kukitandika. Aliipenda Meza ya Bwana kuliko sikukuu zote. Nawaambia hilo mapema ili mjue aliacha nini.

Januari 1983, binti mmoja mshonaji, aliyepanga chumba ukuta kwa ukuta na Dada, aliitwa mbele ya baraza kwa sababu alikuwa amejifungua bila ndoa. Tulimpa mwaka mmoja wa benchi. Jumapili tarehe 6 Februari alikuja na mtoto wake wa wiki sita, akakaa pale peke yake. Washirika walimpita wakitazama dari, kana kwamba kuna kitu kimeandikwa juu. Ibada ilikuwa imeshaanza Dada alipoinuka kutoka safu ya pili akashika njia ya katikati kuelekea nyuma. Nilidhani anakwenda kufunga dirisha. Akaketi kwenye benchi, akajisogeza mpaka mwisho wa upande wa mlango, akampokea yule mtoto. Wakati wa kutoka ulipofika alitoka na binti. Nami nikafunga mlango.

Machi ikawa hivyohivyo, na Aprili pia. Mtaa ulichemka. Waliosema ameiba mashuka ya hospitali walikuwapo. Wengine walisema amemtukana mke wa mchungaji, jambo ambalo, tuseme kweli, washirika wengi wangependa kulisikia kwa undani. Tarehe 10 Aprili baraza likamwita. Nilikuwa naandika muhtasari, kwa hiyo maneno yao ninayo kama yalivyosemwa.

Mwenyekiti alimuuliza, "Mama, umetenda kosa gani?"

"Mnataka ya wiki hii au ya mwaka mzima?"

"Kama huna kosa, rudi mahali pako."

"Pale mlangoni pana upepo, Mzee. Yule mtoto ana kifua. Mimi ni mnene, nauzuia."

"Kwa hiyo unatetea dhambi?"

"Sitetei kitu. Nakaa naye tu. Kwani kukaa na mtu kuna kanuni?"

Wazee wote wakanigeukia. Nikapekua kitabu cha kanuni chote, mbele mpaka nyuma. Kanuni ya kukaa na mtu haikuwamo. Basi tukaitunga palepale: atakayekaa kwenye benchi kwa hiari yake, naye ahesabiwe kuwa yuko chini ya nidhamu. Nikaambiwa niandike jina la Dada kwenye kitabu cha nidhamu. Yeye aliinama juu ya meza kutazama, akasema, "Nyoosha mstari, mdogo wangu, hicho ni kitabu cha kanisa." Kisha akatoa ufunguo wa kabati la kitambaa, akauweka mbele ya mwenyekiti. Kabla ya kuuachia aliupangusa kwa upindo wa khanga yake. Niliona, nikaendelea kuandika.

Kitambaa alikabidhiwa mama mwingine, mtu mwema ila mkarimu mno kwa buluu ya kufulia. Mwezi Mei kilitoka na rangi ya anga, Juni kikawa kama sare ya shule. Wakati huohuo benchi likaanza kupata wageni. Kwanza shemeji, ambaye alisema amechoka kukaa peke yake safu ya pili. Halafu mwimbaji wa besi, na kwaya ikabaki inaimba kama redio iliyoishiwa betri, kisha wengine wakafuata mmoja mmoja. Agosti alikuja mwangalizi wa makanisa kutukagua. Alihesabu watu watano kwenye benchi, akalipongeza baraza mbele ya washirika wote kwa bidii ya kufichua dhambi nyingi namna ile katika usharika mdogo. Mwenyekiti alikohoa. Dada alipiga makofi.

Mimi nilikuwa bado mgumu. Nilikwenda kwake nikamwambia ananiaibisha. Alinipa chai, akaniuliza kama miguu inanisumbua, akanipa foronya nne nizinyooshe wakati nasema. Niliondoka nimezinyoosha zote.

Kilichonishinda kilikuja Jumapili tarehe 6 Novemba. Watu wa benchi walikuwa wametoka, nami nikawa nausukuma mlango. Ulikwama kidogo, kama ulivyo mpaka leo, nikabaki nikitazama kwenye upenyo. Dada alikuwa amesimama kwenye ngazi na yule mtoto begani. Mchungaji ndani alikuwa anayasema maneno ya kubariki mkate, na Dada nje alikuwa anayasema pamoja naye, midomo tu, bila sauti, macho amefumba. Mtu mwenye njaa namtambua nikimwona. Nilirudi mezani, nikala kipande changu cha mkate nikiutazama mlango. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na ilikuwa haki yangu.

Jumapili tarehe 4 Desemba niliweka kitabu juu ya kiti changu, nikaenda nyuma. Kwenye benchi la watu sita walikuwa wameshakaa saba. Dada alinitazama, akasema, "Jamani, bananeni, ndugu yangu kafika." Wakabanana. Nikakaa, na benchi likavunjika.

Tangu siku hiyo nasingiziwa kwamba nililivunja mimi. Mnaniona nilivyo. Palikuwa na watu wazito zaidi yangu, na mmoja wao tunamzika leo. Tulianguka sote kwa kishindo, miguu juu. Kisha mtoto wa mshonaji, mwenye miezi kumi na moja, akaangua kicheko, na baada yake mchungaji, mzee yule ambaye hatukuwa tunajua kama ana meno. Alicheka mpaka akashika madhabahu. Alipopata pumzi alichukua sahani ya mkate, akashuka mpaka nyuma tulipokuwa tumekaa sakafuni, akasema, "Benchi halipo, kwa hiyo sioni nani wa kumtoa nje." Akaanza na mshonaji. Alipofika kwa Dada, yule mama mnene aliyekuwa na jibu la kila kitu alikinga viganja viwili kama mtoto. Alilia tu, akala. Aliyekuwa karibu naye ni mimi, na nilimpa leso yangu, akaitazama, akasema haijapigwa pasi.

Baraza lilikutana wiki iliyofuata likaazimia, nami nikaandika, "Benchi litengenezwe." Fundi seremala aliyepewa kazi hiyo alikuwa mshirika wetu. Kila mwezi alileta taarifa kwamba mbao hazijakauka. Alifariki mwaka 1999, mbao bado hazijakauka. Ufunguo wa kabati ulirudi kwa Dada, na kitambaa kikarudi kuwa cheupe. Januari mwaka uliofuata mshonaji alitimiza mwaka wake, akasema ametubu, nikapiga mstari juu ya jina lake kama kanuni inavyotaka. Wale wengine wa benchi, nami nikiwemo, hatukuwa tumeandikwa hata kidogo, maana katibu alikuwa ameshachoka kuandika. Jina la Dada lilibaki. Kanuni inasema jina hufutwa mtu akitubu, naye hakuwa na la kutubu. Hakuna aliyemuuliza. Tulisahau, na kwa miaka arobaini alikula Mezani akiwa ndani ya kitabu.

Afya yake ilianza kuyumba mwaka 2022, moyo ukawa unavimbisha miguu. Alilazwa mara tatu katika hospitali yake mwenyewe, na kila mara wahudumu walizificha foronya mbovu kabla hajafika. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Mei mwaka huu. Jumapili tarehe 12 mchungaji wetu wa sasa, huyu kijana wetu, alimpelekea Meza ya Bwana wodini, nami nikamfuata na kitabu cha kanuni kwenye mkoba. Vitanda vilikuwa vinne. Mmoja wa wagonjwa alikuwa wa kanisa lingine, mwingine alisema aliacha kusali tangu mumewe afe, na bibi wa dirishani alisema hajawahi kuingia kanisani. Mchungaji alitandika kitambaa kidogo, akatoa kipande kimoja cha mkate na kikombe kimoja. Dada akatazama huku na huku.

"Mchungaji, mimi siwezi kula watu wakinitazama. Mama alinikataza."

Mchungaji alinigeukia. "Mzee katibu, kanuni inasemaje?"

Miwani nilikuwa nimeivaa. Niliivua, nikaitia mfukoni, nikasema, "Mchungaji, bila miwani sioni kitu."

Dada alicheka mpaka muuguzi akaja mbio akidhani kuna tatizo. Mchungaji aliwauliza wote kama wanataka, wakasema wanataka, akaumega ule mkate vipande vinne. Bibi wa dirishani alisema hajui mtu anatakiwa kusema nini. Dada akamwambia, "Sema asante, inatosha." Ilikuwa Meza yake ya mwisho. Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sabini na minane, binti zake wawili wakiwa wamemshika mikono.

Marehemu ameacha watoto watatu, mabinti wawili na wa kiume mmoja, wajukuu saba na kitukuu mmoja anayefanana naye kwa sauti. Ameacha mdogo mmoja, ambaye ni mimi, maana wa katikati alitangulia. Kamati iliniambia nitaje ndugu wa damu pekee kwa sababu ya nafasi. Ameacha pia mshonaji, ambaye ndiye aliyeshona nguo aliyovishwa marehemu leo, na mtoto wa mshonaji, ambaye sasa ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja na yuko kati ya wabeba jeneza. Kamati inisamehe.

Limebaki la kitabu. Juzi Alhamisi nilikaa nacho muda mrefu. Ningeweza kupiga mstari juu ya jina la Dada, na hakuna ambaye angejua. Lakini mstari ule maana yake ni kwamba alitubu kukaa na mtu, na hilo hakulitubu, na nisingeweza kumwandikia uongo siku ambayo hawezi kunijibu. Kanuni tuliyoitunga 1983 bado ipo, na kwa kuwa benchi halipo, palipobaki pa kukaa naye ni kitabuni. Basi nilichukua kalamu, na chini ya jina lake nikaandika langu. Kwenye nafasi ya kosa nikaandika, "Amekaa naye." Nikampelekea mchungaji kitabu. Alisoma, akaniomba kalamu, akaandika jina lake. Mchana mwenyekiti alikuja kutafuta kalamu, na nyuma yake wazee tisa. Jana asubuhi kwaya ilipanga foleni, soprano wakiwa wa kwanza kama kawaida yao. Ukurasa umejaa, tumeingia wa pili.

Kwa hiyo, wapendwa, kwa mujibu wa kanuni zetu wenyewe, mchungaji mnayemwona hapa yuko chini ya nidhamu, kwaya itakayoimba iko chini ya nidhamu, na aliyepiga kengele asubuhi naye vilevile. Hakuna aliyebaki mwenye usafi wa kumnyima Dada mazishi. Kitabu kipo mezani hapo mlangoni, na kalamu ina wino wa kutosha.

Dada yangu apumzike, amechoka kwa kazi njema. Bwana aliyempenda amlaze mahali safi, na siku atakapotuita sisi, atukute tumekaa na mtu.